Setilaiti Haijui Leleshwa

Setilaiti haipimi kaboni. Najua nikianza hivyo kuna watu watanirukia, lakini tuanze hapo. Hakuna mashine huko juu inayoangalia mgunga wa hapa Kariandusi na kusema, "huu una kilo mia nne." Kinachofanyika ni kitu tofauti, na ukikielewa utakuwa mgumu kudanganywa. Na siku hizi kudanganywa kuhusu miti ni ghali, wasee. Kuna mikataba ya miaka mingi inasainiwa. Kuna pesa. Kuna watu wametolewa makwao, na sababu inayotajwa ni msitu.

Kwanza tuone kwa nini hesabu hii imetufikia hadi kijijini. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 69, inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti. Desemba 2022 serikali ikazindua mpango wa miti bilioni 15 kufikia 2032, ili eneo lenye miti lifike asilimia 30. Tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa hadi sikukuu ya kupanda miti. Sasa, tathmini ya kitaifa ya 2021 ilisema eneo lenye miti ni asilimia 12.13, na misitu ni asilimia 8.83. Soma tena hizo namba mbili. Nchi moja, ripoti moja, namba mbili tofauti. Hapo hakuna mtu ameiba. Ni swali tu la unaita nini mti na unaita nini msitu. Shikilia hilo swali, tutalirudia, kwa sababu ndilo lililoleta maneno mpaka kwa shosho yangu.

Mimi si mwanasayansi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, maisha yakaendelea. Kila nikiposti kitu kuhusu mazingira kuna msee lazima aulize nina shahada gani. Sina. Nina simu, nina laptopu ya mitumba ambayo lazima iwe kwa soketi ndiyo iwake, na nina picha za dunia za zaidi ya miaka 50 ambazo ni za bure. Landsat ya kwanza ilirushwa Julai 1972, na tangu 2008 picha zote za Landsat hazilipiwi. Mtu wa Kariandusi na profesa wa Marekani wanafungua faili moja. Hiyo imenifurahisha kuliko kitu chochote nilichofundishwa darasani.

Nianze na kazi yenyewe inavyofanywa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotea.

Inaanzia chini, na tepu. Mtu anaingia msituni na kupima unene wa shina kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Anapima na urefu, kama anaweza. Kisha anatumia milinganyo ambayo watafiti waliipata kwa kazi ngumu: walikata miti, wakaikausha, wakaiweka kwa mizani, mpaka wakajua mti wa unene fulani huwa na uzito gani ukishakauka. Huo uzito mkavu ndio bayomasi. Karibu nusu yake ni kaboni. Kiwango kinachotumiwa sana ni 0.47. Kwa hivyo mti wenye tani moja ya uzito mkavu una kilo 470 hivi za kaboni. Ukitaka kujua hiyo ni hewa ya ukaa kiasi gani, unazidisha kwa 44 na kugawa kwa 12, unapata kilo 1,720 hivi. Hizo ndizo "tani za kaboni" zinazouzwa. Ni hesabu ya darasa la nane ukishaonyeshwa.

Halafu ndiyo setilaiti inaingia. Inaangalia kile kipande ambacho tayari kimepimwa kwa tepu, inaona kinavyong'aa au kinavyorudisha mawimbi. Kompyuta inajifunza: mahali panapong'aa hivi pana uzito huu. Kisha inabahatisha mahali pengine pote ambapo hakuna mguu wa mtu uliokanyaga. Nasema inabahatisha lakini si kama kamari. Ni kubahatisha kwa mpimaji mzuri, na mpimaji mzuri hukuambia anaweza kukosea kwa kiasi gani. Asiyekuambia huyo ni wa kuogopa.

Na macho ya huko juu si ya aina moja. Yako ya mwanga wa kawaida, kama Landsat, ambayo kila mraba wa picha yake ni mita 30 kwa 30, na Sentinel-2 ya Ulaya, yenye miraba ya mita 10. Haya yanaona majani. Majani mabichi hurudisha sana aina ya mwanga ambao jicho letu halioni, kwa hivyo msitu unajitokeza wazi. Shida ni kwamba majani yakishajaa, kijani ni kijani. Fikiria umesimama ghorofani unaangalia mkutano wa hadhara mvua ikinyesha na kila mtu amefungua mwavuli. Unaona miavuli imejaa. Hujui chini yake kuna watoto wa nasari au watu wazima. Msitu wa miti ya mita 12 na msitu wa miti ya mita 30 unaweza kufanana kabisa kwa kijani, na uzito wao ni mbingu na ardhi.

Ndiyo maana wakaleta leza. Desemba 2018 NASA ilipeleka chombo kinachoitwa GEDI kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Kinarusha mwale, mwingine unagonga majani ya juu na kurudi, mwingine unapenya mpaka ardhini na kurudi, na tofauti ya muda inakupa urefu wa mti. Lakini kinapima madoa madoa, kila doa upana wa mita 25, na kati ya doa na doa kuna nafasi. Na tarehe 29 Aprili 2025 shirika la anga la Ulaya lilirusha setilaiti inayoitwa Biomass, ambayo ni rada ya mawimbi marefu ya sentimita 70 hivi. Mawimbi hayo yanapita kwenye majani kama hayapo na kugonga shina na matawi makubwa, pale uzito ulipo. Hicho ni kitu kikubwa kweli. Lakini ramani zake za uzito zinatolewa kwa miraba ya mita 200 kwa 200, yaani hekta nne. Kumbuka hiyo, hekta nne, kama ekari kumi.

Sasa nipe nafasi niseme setilaiti inatushinda wapi, nisionekane ni mtu wa kupinga kila kitu. Inatushinda kwa kumbukumbu.

Kwetu hapa, ukipanda kidogo juu ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, unaona Ziwa Elementaita chini yako, Eburu upande wa kusini magharibi, na nyuma yake ukuta wa Mau. Msitu wa Eburu leo umezungushiwa uzio wa umeme wa kilomita 43 hivi, uliokamilika 2014. Ukimuuliza mzee mmoja msitu ulikuwa unafika wapi, atakuonyesha kwa mkono. Mwingine ataonyesha kwingine. Nikifungua picha za 1986 na za 2010 hakuna ubishi, mpaka wa kijani unauona kwa macho yako. Mashariki ya Mau ndiko kunatisha. Mwaka 2001 serikali ya wakati huo iliondoa hekta 61,000 hivi kwenye msitu wa Mau, karatasi ikapigwa mhuri, na ukipitisha picha za mwaka baada ya mwaka unaona kijani kinageuka viraka vya mashamba. Mtu anaweza kuficha faili. Hawezi kurudi angani miaka hiyo akabadilisha picha.

Kwa hivyo ukisikia mwanasiasa anasema wamepanda miti milioni kadhaa mahali fulani, subiri miaka mitatu, minne, kisha fungua picha. Miche haionekani ikiwa midogo, lakini msitu uliokubali lazima utajitokeza. Ukikosekana, umekosekana. Hiyo nguvu hatukuwa nayo sisi wananchi. Wazazi wetu walikuwa wanaambiwa tu.

Lakini picha inakuambia kitu kilitoka. Haikuambii nani alikitoa, wala kwa nini. Na hapa ndipo nimeona watu wakiumia.

Mfano wa kwanza ni Ogiek. Miaka mingi wamekuwa wakiambiwa wao ndio wamemaliza Mau. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, na ikasema serikali haikuleta ushahidi kwamba kuwapo kwao msituni ndicho chanzo kikuu cha uharibifu. Mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo ikaamuru walipwe fidia. Na bado Novemba 2023 nyumba za Ogiek zilibomolewa kule Sasimwani, Narok. Ile picha ya mashariki ya Mau niliyowaambia, yenye viraka, inaweza kutumiwa na mtu yeyote kusema chochote. Kwa rangi peke yake huwezi kutofautisha aliyegawiwa kwa mhuri wa 2001, aliyeingia na msumeno usiku, na yule ambaye babu yake alikuwa anatundika mizinga humo kabla ya Uhuru.

Mfano wa pili ni miti ya kupandwa. Ramani maarufu ya Global Forest Watch, inayotumia kazi ya Matthew Hansen na wenzake wa chuo kikuu cha Maryland iliyochapishwa 2013, huonyesha mahali palipopoteza miti kwa rangi ya waridi. Watu wanapiga picha ya skrini na kulia mtandaoni. Lakini shamba la misipresi likivunwa ratiba yake ikifika, nalo linakuwa waridi. Hapo panapandwa tena, wakulima wanalima viazi katikati ya miche, mambo yanaendelea. Si sawa na mtarakwa wa miaka mia kukatwa. Ukiwa juu, yote ni waridi.

Mfano wa tatu uko hapa karibu, Ziwa Nakuru. Maji yalipopanda miaka ya 2010, ile migunga ya manjano ya kandokando ya ziwa ilizama na kufa imesimama. Hakuna panga lililoguswa. Kwenye picha, miti imepotea.

Na kuna wizi ambao hauonekani kabisa. Mtu akiingia msituni achague mtarakwa mmoja hapa, mwingine pale, wa kutengeneza posti za ua, majani ya miti iliyobaki yanafunika pengo. Mraba wa mita 30 unabaki kijani. Msitu unazidi kuwa mwepesi kutoka ndani, na picha inatabasamu.

Sasa tufike kwa shosho.

Shosho yangu ana ekari tatu upande wa juu. Moja analima mahindi na maharagwe, na mbili zimejaa leleshwa. Kama hutoki huku, leleshwa ni kile kichaka cha majani ya kijivu, harufu yake ni kama ya kafuri, ukipita na ng'ombe asubuhi nguo zinanukia. Huku bonde la ufa kimejaa kila mahali. Makaa yake ni mazuri sana, na hilo ndilo limekipa jina baya, kwa sababu usiku malori yanabeba magunia. Lakini kichaka chenyewe ni kigumu: ukikikata vizuri, kisiki kinachipuka tena. Shosho hukata kuni za nyumbani kwa mzunguko, upande huu mwaka huu, upande ule mwaka ujao, na ng'ombe wanapata kivuli. Amefanya hivyo tangu guka akiwa hai.

Mwaka jana kukawa na mkutano. Watu fulani walikuja na mradi wa kaboni, siwataji, na sijui kama nia yao ilikuwa mbaya. Walikuwa na ramani nzuri ya rangi. Kila shamba na namba yake. Waliahidi miche, na malipo baadaye kaboni ikishauzwa, na mkataba ulikuwa wa miaka mingi kuliko miaka ambayo shosho anatarajia kuwa hapa. Akanirudia nyumbani na fomu. Yeye huniita "mzee wangu" kwa sababu nimebeba jina la guka.

"Mzee wangu," akasema, "hii karatasi inasema shamba langu halina kitu."

Nikaangalia. Kwenye ramani zile ekari mbili za leleshwa zilikuwa na rangi ya mchanga. Bayomasi: karibu sifuri.

"Shosho, ramani inasema hapa hakuna miti."

"Na zile kuni ninazopikia zinatoka wapi? Mbinguni?"

Nilicheka, lakini swali lake ni la maana kuliko maswali mengi niliyosikia kwenye mkutano ule. Nikakaa siku mbili na laptopu nikitafuta kwa nini leleshwa inaweza kupotea. Jibu ni lile swali la mwanzo: unaita nini mti. Ile ramani ya Hansen inahesabu mimea yenye urefu wa zaidi ya mita 5. Leleshwa ya shosho nyingi iko kati ya mita mbili na tatu na kitu. Kwa ramani kama hiyo, haipo. Lakini Kenya yenyewe inaita msitu eneo la kuanzia hekta 0.5, lenye miti inayofika mita 2, na matawi yanayofunika angalau asilimia 15 ya ardhi. Ekari mbili ni hekta 0.8. Kwa hivyo kwa kipimo cha nchi yake shosho anaweza kuwa na msitu mdogo, na kwa kipimo cha dunia ana jangwa. Shamba ni lile lile. Ng'ombe ni wale wale.

Ukipima kwa miraba pia unaona shida. Ekari mbili kwenye Landsat ni miraba tisa. Tisa tu, na ile ya pembeni imechanganyika na mahindi na barabara. Kwenye ramani za ile rada mpya, shamba lote la leleshwa ni sehemu ya tano ya mraba mmoja. Na mawimbi ya sentimita 70 yametengenezwa kutafuta mashina manene. Leleshwa ni vijiti vingi vyembamba. Zaidi ya hayo, majani yake ni ya kijivu, hayang'ai kama ya msitu wa mvua, hasa Februari jua likiwa kali.

Sasa utaniuliza, kwani sifuri ina ubaya gani? Si watapanda miti ziongezeke?

Sikiza vizuri hapa, hii ndiyo sababu nimeandika hii posti yote. Pesa ya kaboni hailipwi kwa kaboni uliyo nayo. Inalipwa kwa tofauti kati ya mwanzo na baadaye. Kama mwanzo wako umeandikwa sifuri, mambo matatu yanatokea. La kwanza, ile kaboni iliyokuwa kwenye leleshwa, ambayo shosho ameitunza miaka yote, haina mwenyewe. Haijawahi kuwapo. La pili, mtu anaweza kung'oa leleshwa yote apande mikaratusi, na kwenye hesabu hakuna kilichopotea. Kwenye karatasi ni faida tupu tangu siku ya kwanza, na hewa haijasaidika kwa kiasi hicho. La tatu, mnunuzi aliye Ulaya au wapi analipia tani ambazo nusu yake zilikuwa hapa tangu zamani. Kwa hivyo anayedhulumiwa si shosho peke yake. Hata yule anayenunua akiamini anasafisha moshi wake ameuziwa hewa, na mtanisamehe kwa utani huo.

Sifuri ni namba ndogo lakini imebeba mkataba wote.

Nilitaka kuhakikisha si maneno tu. Jirani alikuwa anasafisha njia ya ng'ombe, akanipa vichaka viwili alivyokata. Tukaviweka kwenye ile mizani ya kuning'iniza ya viazi. Kimoja kilikuwa kinanifika juu ya kichwa, na uzito wake ulimshangaza hata jirani mwenyewe, na yeye amekata leleshwa maisha yake yote. Tukakata vipande, tukavianika juu ya mabati mpaka vikaacha kupungua. Huo si utafiti, nisidanganye mtu. Vichaka viwili si sampuli. Lakini nilichotaka kujua ni kama ni sifuri, na si sifuri. Mtu yeyote mwenye mgongo ulioubeba mzigo wa kuni angekuambia hivyo bila mizani.

Kuna watakaosema, wewe unaharibia watu bahati, watu wanataka pesa. Sipingi mradi wa kaboni. Kule Kasigau, Taita Taveta, kuna mradi wa msitu ambao 2011 ulipata hati za kaboni chini ya kiwango cha kimataifa, wa kwanza wa aina yake duniani. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanauza kaboni ya mikoko tangu miaka ya 2010, na pesa zimeleta maji na vitabu vya shule. Inawezekana. Lakini Gazi, watu wenyewe walijua kupima mikoko, na watafiti walikuwa pale na buti kwenye matope. Hawakuletewa rangi kwenye karatasi.

Na sheria tunayo. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanasema mradi wa kaboni kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na miradi ya ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii kila mwaka. Ni kitu kizuri. Lakini shosho ana hati yake mwenyewe, si ardhi ya jamii. Yeye amebaki na fomu yake na kalamu yake. Na hata hiyo asilimia 40, ni asilimia 40 ya nini? Ya namba iliyotoka kwenye ramani. Kama huelewi namba ilitoka wapi, asilimia ni mapambo.

Ndiyo maana nasema vijana wa huku tuache kusubiri mtu atoke Nairobi kutueleza shamba letu. Tena Nairobi penyewe wako watu wetu: pale Kasarani kuna kituo cha kikanda cha ramani, RCMRD, tangu 1975. Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake, Taifa-1. Si kwamba nchi haina akili za hii kazi. Kinachokosekana ni mikono ya huku chini inayopima, kwa sababu kila ramani ya huko juu inategemea tepu ya huku chini. Mahali ambapo hakuna aliyepima, kompyuta inaazima jibu kutoka mahali pengine. Leleshwa yetu inapimwa kwa macho ya msitu wa nchi nyingine. Na tepu ya fundi cherehani haihitaji digrii.

Nilichofanya na shosho ni kidogo. Tulichora ekari zile mbili kwenye daftari, tukagawa vipande, tukahesabu vichaka kwa kila kipande, tukapima urefu kwa kijiti chenye alama, nikapiga picha kila kona na simu ikiwa imewashwa mahali, ili kila picha iwe na tarehe na sehemu yake. Tutarudia kila mwaka mwezi uleule, kwa sababu picha ya Februari na picha ya Mei huku ni nchi mbili tofauti. Hiyo ndiyo rekodi yake. Setilaiti ina yake, na yeye ana yake, na siku zikikutana kuna mazungumzo.

Kisha tukaandika maswali ya kupeleka mkutano ujao. Nayaweka hapa, yachukue, yapeleke kwenu. Namba ya mwanzo ya shamba langu mliipata kwa picha gani, ya mwaka na mwezi gani? Mti kwenu unaanzia mita ngapi? Kuna mtu aliyekuja kupima kwa tepu karibu na hapa, na ni wapi? Mnaweza kukosea kwa kiasi gani, juu na chini? Na nikiona namba si sawa, nampelekea nani, na anajibu kwa siku ngapi?

Shosho aliongeza la sita mwenyewe, kwa Kikuyu, nami nikalitafsiri: nikikubali, nitapikia nini?

Walioleta mradi waliambiwa maswali hayo kwa simu na jirani mmoja wa kikundi. Wakasema watamtuma mtaalamu. Bado tunamngoja. Watu wanane kwenye kikundi wamesema hawatasaini mpaka aje, na wawili wameshasaini, nami siwalaumu, mmoja ana mtoto kidato cha tatu na karo najua inavyouma. Fomu ya shosho iko ndani ya bahasha, juu ya kabati, pamoja na daftari la vichaka. Haina sahihi. Mtaalamu akija atakuta leleshwa imenyeshewa, iko na majani mapya, na tepu tunayo.